Chaki ya Mkaguzi

Asubuhi ya mwaka mpya Tamar Beddoe aliamka kabla ya jirani zake, akachochea moto, akaweka bamba la chuma juu ya makaa na kuanza kuoka vikate vya zabibu. Alioka vingi. Siku hiyo watoto wa kijiji cha Cwm Hesgen hupita nyumba kwa nyumba wakiwa na matufaha yaliyochomekwa vijiti vitatu chini na tawi la kijani juu, wanaimba, na mwenye nyumba huwapa alichonacho. Seth, mumewe, alizoea kuwasubiri kizingitini kama mtoto mwenzao. Mwaka huu Seth hakuwapo, lakini Tamar aliona si haki watoto wakose.

Aliwasikia wakishuka mtaa. Waliimba kwa akina Probert. Waliimba kwa Mama Treharne. Kisha nyayo zao zikafika mlangoni pake, zikapunguza mwendo, na sauti ya mtu mzima ikasema polepole, "Hapa tunapita." Wakapita. Wakaanza kuimba upya nyumba ya pili.

Tamar akabaki amesimama na sahani mkononi mpaka vikate vikapoa.

Aliyegonga mlango baadaye alikuwa Gito Mkate. Akina Gito pale kijijini walikuwa wengi mno, kwa hiyo kila mmoja alibeba kazi yake kama jina la pili, na huyu alikuwa muuza mkate. Ndiye mtu pekee wa mtaa ule aliyekuwa bado anamsalimia Tamar mchana, watu wakiona.

"Heri ya mwaka mpya, dada. Vikate vyote hivi? Unataka kunifilisi?"

"Chukua. Hakuna wa kuvila."

Gito akachukua kimoja, akakitafuna akitazama moto. "Mari haitoki mwaka huu," alisema. "Tumekubaliana vijana wote. Fuvu liko juu ya boriti kule kilabuni, shuka limekunjwa, mwenye kilabu kafungia chumba. Kijiji kilichozika hivi hakiwezi kucheza na mfupa wa farasi. Na mimi ndiye nilikuwa nimepangwa kuvaa shuka, basi goti langu limeshukuru."

Alicheka peke yake, akaona Tamar hacheki, akajipangusa makombo.

Mari Lwyd ilikuwa mchezo wa kila mwaka mpya. Fuvu la farasi hufungwa kwenye mti, hupambwa utepe, huwekwa vipande vya chupa mahali pa macho, na mtu hujifunika shuka jeupe chini yake akilivuta taya kwa kamba ili meno yagongane. Kundi huja mlangoni na kuimba ubeti. Wa ndani wakikaa kimya, kundi huchoka na kwenda zake. Wakijibu, malumbano yameanza, ubeti kwa ubeti, mpaka upande mmoja uishiwe vina. Wa nje wakishindwa huondoka na kiu yao. Wa ndani wakishindwa hufungua mlango. Hapakuwa na mtu Cwm Hesgen aliyewahi kushindwa akakataa kufungua. Mtu anaweza kukwepa kodi ya pango akabaki na heshima yake, lakini si hilo.

Gito alipoondoka, Tamar alivaa shali yake nyeusi. Akachukua kiko cha Seth kutoka kwenye msumari ukutani, akakitia mfukoni mwa aproni. Alikuwa amengoja tangu masika. Alijiambia kwamba leo hatangoja tena.

*

Mlipuko ulitokea mgodini mwezi wa tatu, saa ya kwanza ya zamu. Wanaume kumi na wanne walikufa. Wengi wao walitolewa wakazikwa. Seth hakutolewa. Alikuwa dereva wa farasi kule chini, akivuta magari ya makaa na farasi aliyeitwa Sultan, na walikuwa mbali kuliko wote, kwenye chumba cha mwisho cha mkondo wa kaskazini, njia ndefu iliyochimbwa chini ya ardhi. Moto ulikuwa bado unawaka kule ndani, kwa hiyo wenye mgodi waliujengea ukuta wa matofali ili ufe kwa kukosa hewa. Tamar alisimama juu ya shimo siku mbili akisikia matofali yakiteremshwa.

Kisha ukaja uchunguzi wa vifo mahakamani. Kila asubuhi kabla ya zamu, mkaguzi wa gesi anapaswa kuingia kila chumba cha kazi na taa yake, kupima hewa, na kuandika kwa chaki herufi za mwanzo za jina lake na tarehe. Mchimbaji akiiona alama hiyo, anaingia bila kuuliza. Mkaguzi wa mkondo wa kaskazini alikuwa Mordecai Pugh, shemasi wa kanisa, mtu wa miaka hamsini na kitu aliyewahi kushinda kiti cha ushairi, zawadi ya mshairi bora wa wilaya. Mordecai alishika Biblia akaapa kwamba alikagua vyumba vyote, na hewa ilikuwa safi. Msimamizi wa mgodi akasema basi lazima mtu alifungua kufuli la taa yake, linaloutenga mwali na gesi, ili awashe kiko. Na aliyekuwa mwisho kabisa, gesi ilikoanzia, alikuwa Seth Beddoe.

Tamar aliinuka akakionyesha kiko cha Seth, akasema siku ile kilikuwa nyumbani, kimening'inia kwenye msumari wake. Ofisa wa uchunguzi akamwambia kwa upole kwamba mwanamume anaweza kuwa na viko viwili.

Upole huo ndio uliomkaa kooni. Kuanzia siku hiyo Seth hakuwa maiti kama maiti wengine. Alikuwa muuaji wa watu kumi na watatu. Wanawake waliokuwa wakikaa na Tamar benchi moja kanisani walihamia upande wa pili. Mama Treharne, aliyepoteza wana wawili, alimtemea mate kisimani. Tamar hakumlaumu, angefanya vivyo hivyo. Hasira yake yote aliiweka mahali pamoja, kwa mtu mmoja, na aliilinda isipoe.

*

Theluji ilikuwa imeanguka tangu adhuhuri, na giza la majira ya baridi lilikuwa linaanza kuingia alipogonga kwa akina Pugh. Dorcas, mke wa Mordecai, alifungua, akamwona, akarudi nyuma.

"Bi Tamar. Leo? Hakuna mgeni aliyeingia humu tangu mwaka uanze. Unajua wenyewe wanavyosema, mguu wa kwanza wa mwaka ukiwa wa mwanamke, mkosi..."

"Najua wanavyosema," Tamar alijibu. "Ndiyo maana nimewahi." Akavuka kizingiti.

Mordecai alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha ushairi, kiti cha mwaloni chenye nakshi, karibu na moto. Alikuwa amekonda. Hakuwa tena mkaguzi. Tangu uchunguzi alikuwa amepewa kazi ya juu ya ardhi, ya kuhesabu magari ya makaa. Hata hivyo alikuwa na kipande cha chaki mkononi, anakigeuza kati ya vidole kama mtu anavyogeuza shanga, na kidole gumba chake kilikuwa cheupe.

"Funga mlango, Dorcas, baridi inaingia," alisema. Dorcas akasukuma komeo. "Kaa, Bi Tamar."

"Sikuja kukaa." Akatoa kiko, akakiweka mezani. "Kitazame."

"Nimekiona mahakamani."

"Hukukitazama. Ulitazama viatu vyako. Seth alikuwa na kiko kimoja, shemasi, na unajua, maana wewe ndiwe uliyempa siku alipojiunga na kwaya. Ulimwambia nini? Sema."

Mordecai hakutaka, lakini tabasamu dogo lilimponyoka. "Nilimwambia akitie mdomoni wakati wa tenzi. Ili asiimbe."

Seth hakujua kuimba. Kijiji kizima kilijua hivyo. Sauti yake ilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta; kila mstari aliumaliza chini kidogo ya pale wenzake walipoishia, na kiongozi wa kwaya alimsihi afungue mdomo tu bila kutoa kitu. Kwa dakika moja wale watatu walimkumbuka pamoja, na kile chumba kikawa chumba cha watu wa kawaida.

Kisha Tamar akasema, "Ulikagua?"

"Nimeapa."

"Sikuulizi ulichoapa."

"Bi Tamar, nenda nyumbani. Mungu ndiye—"

"Usimlete Mungu hapa! Ulimleta mahakamani, ukaona alivyokusaidia. Mume wangu yuko nyuma ya ukuta pamoja na farasi. Watoto wanapita mlango wangu kama kuna ukoma. Nataka uinuke Jumapili kanisani useme neno moja tu, kwamba si Seth. Sitaki kingine."

Mordecai alifumba macho. "Siwezi."

Hapo ndipo waliposikia njuga.

*

Zilikuwa mbali, chini ya mtaa. Njuga ndogo, kama za hatamu ya farasi. Dorcas akainua kichwa.

"Si walisema Mari haitoki?"

"Haitoki," alisema Tamar. "Gito kaniambia asubuhi."

Njuga zikapanda mtaa. Hazikusimama kwa akina Probert. Hazikusimama popote. Tamar alitega sikio asikie vicheko, maana vijana wa Mari huja wakicheka na kusukumana. Hakukuwa na vicheko. Wala nyayo. Njuga tu, na kitu kizito kikipumua.

Zikakoma mlangoni.

Taya likagonga. Kak. Kak. Kak.

"Umewaleta wewe," Mordecai alimwambia Tamar, uso umemwiva. "Umewalipa walevi waje kunitukana nyumbani kwangu."

"Sijui lolote."

Nje, sauti zikaanza kuimba. Zilikuwa nyingi, za kiume, nzito, kama zinatoka ndani ya pipa.

*Tumetoka mbali sana, tumevuka giza nene,*
*Fungueni, waungwana, tuingie tuonane.*

"Usijibu," Dorcas alinong'ona. "Mume wangu, kaa kimya. Watakwenda."

Na huenda wangekwenda. Hapa ndipo watu wa Cwm Hesgen hutikisa kichwa wanaposimulia, wala si kwa kumcheka. Mtu aliyekalia kiti cha ushairi hawezi kuletewa ubeti mlangoni akaumeza. Baba yake hakuumeza, babu yake hakuumeza. Mordecai alikuwa amepoteza kazi yake, usingizi wake, na sehemu kubwa ya nafsi yake, lakini vina vilikuwa bado vyake. Aliinuka, akasafisha koo, akaimba kwa sauti ile nzuri iliyomfanya ashinde:

*Rudini mlikotoka, walevi msio haya,*
*Komeo halitatoka, kwa sauti zenu mbaya.*

Taya likagonga mara moja, kama mtu anayekubali mkataba.

Baridi ikaingia chini ya mlango. Haikuwa baridi ya theluji. Ilikuwa na harufu. Tamar aliijua harufu hiyo. Alikuwa ameifua kwenye nguo kwa miaka kumi na moja. Jasho la farasi, makaa mabichi, na juu yake kitu kilichoungua.

*Mkaguzi mwenye sifa, neno moja twauliza:*
*Mahali walipokufa, nani alipachunguza?*

Dorcas alishika ukingo wa meza. Mordecai alikuwa mweupe kama chaki yake. Lakini alijibu. Alijibu haraka, kwa hasira, kama anayempiga mtu kofi:

*Nimeapa kwa Kitabu, mbele ya watu wazima,*
*Sina tena la kujibu, tokeni hapa mapema!*

Tamar alisogea dirishani. Akainua pazia kidogo.

Ilikuwa imesimama karibu na kioo. Ndefu kuliko Mari yoyote. Shuka lilikuwa limelowa, jeusi pindoni, na halikupepea ingawa upepo ulikuwa unavuma. Fuvu halikuwa na vipande vya chupa machoni. Wala halikuwa jeupe. Lilikuwa limefukizwa moshi, na jino la mbele la juu lilikuwa limekatika nusu.

Sultan alikuwa mwizi wa mkate. Siku moja aliling'ata bati la chakula la Seth mpaka jino likakatika, na Seth akaja nyumbani akicheka machozi yakimtoka, akamwonyesha Tamar bati lenye tundu. Bati hilo lilikuwa bado kabatini kwake.

Sultan alikuwa nyuma ya ukuta wa matofali.

Tamar aliachia pazia. Hakupiga kelele. Alishangaa kwamba hakuogopa kama ilivyompasa. Kilichompanda kifuani hakikuwa hofu.

Nje, sauti zile nzito zilinyamaza, akabaki mmoja. Aliimba polepole. Aliimba vibaya. Kila mstari aliumaliza chini kidogo ya pale ulipopaswa kuishia.

*Jina umeliandika, ukutani kwa haraka,*
*Ndani hujapata fika, mguu hukuuweka.*

Dorcas alianza kulia bila sauti. Mordecai alifungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Alijaribu tena. Midomo yake ilitembea. Tamar aliona macho yake yakitafuta, kushoto, kulia, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Vina vilikuwa vingi. Lakini kila alichokishika kilikuwa na ukweli mwisho wake. Akaketi. Chaki ikamdondoka mapajani.

Kak, likagonga taya. Kak. Kak.

"Umeshindwa," alisema Tamar.

"Usifungue." Alikuwa ananong'ona. "Bi Tamar. Dada yangu. Usifungue."

Tamar alikwenda mlangoni akaweka mkono juu ya komeo. Lilikuwa baridi hadi likauma. "Sema," alisema. "Mkeo anasikia, nami nasikia. Sema, nami sitaligusa."

Mordecai alisema. Maneno yalitoka bila mapambo yoyote, mtu asingeamini ni ya mshairi.

"Binti yangu alikuwa na homa. Aliweweseka usiku kucha, nilidhani hafiki asubuhi. Nilichelewa. Watu walikuwa wameshaanza kuteremka. Mkondo wa kaskazini ni mrefu. Niliandika alama pale mwanzoni, nikasema nitarudi kukagua baadaye. Nilisema nitarudi." Akaitazama chaki mapajani. "Baada ya mlipuko msimamizi akaniita. Akaniambia ama iwe mimi ama iwe aliyekufa. Akasema, aliyekufa haumii."

"Aliyekufa haumii," Tamar alirudia.

"Nilikuwa na mtoto mgonjwa, dada."

"Akapona?"

"Akapona."

Tamar aliitikia kwa kichwa. Alielewa. Hilo ndilo gumu katika kisa hiki, kwamba alimwelewa kabisa. Alimwona yule mtoto kitandani, aliona kitambaa cha maji kwenye paji la uso, aliona saa ukutani. Yeye naye angekaa karibu na kitanda. Alikuwa amepata neno alilolijia, na Dorcas alikuwa shahidi, na angeweza kwenda nyumbani.

Aliyekufa haumii.

Mkono wake ukavuta komeo.

*

Alichokiona Dorcas alikisimulia mara moja tu, na hakukipamba. Mlango ulifunguka wenyewe kwa upole. Hakuna kilichoingia. Fuvu lilishuka mpaka usawa wa macho ya mume wake, likapumua, na pumzi ilitoka na moshi. Mordecai aliinuka kama mtu aliyeitwa kazini. Aliokota chaki yake. Alipita mbele ya mke wake, mbele ya Tamar, akatoka na ndara za nyumbani kwenye theluji.

Dorcas alimshika koti. Koti likabaki mkononi mwake.

Walipopata nguvu ya kutoka na taa, mtaa ulikuwa mtupu. Kwenye theluji palikuwa na alama za kwato, farasi mmoja, na kando yake alama za ndara. Hapakuwa na nyayo za kundi lolote. Gito na wanaume wengine walizifuata hadi juu ya shimo la mgodi. Ziliishia ukingoni. Mgodi ulikuwa umefungwa kwa sikukuu, kizimba cha kuteremshia watu kilikuwa juu kimefungwa kwa mnyororo, mashine baridi. Walitazama chini ya shimo kesho yake. Hapakuwa na mwili.

Na fuvu la kilabuni lilikuwa palepale juu ya boriti, shuka lake limekunjwa.

Dorcas aliinuka kanisani Jumapili iliyofuata akasema yote aliyoyasikia. Wengine waliamini. Wengine walisema huzuni imempotosha, na wenye mgodi walisema ushahidi wa mwanamke mwenye kihoro si ushahidi. Mama Treharne alikwenda kwa Tamar na mkate wa chai, akaketi jikoni, wakanywa chai pamoja. Wengine hawakuja.

Masika ya mwaka wa pili moto ulionekana umekufa, na wenye mgodi wakaagiza ukuta ubomolewe. Gito alikuwa miongoni mwa waliojitolea kwenda kutoa mifupa. Walimkuta Seth chumba cha mwisho, mgongo kwenye ubavu wa farasi wake. Taa yake ilikuwa kando ya mkono. Wote waliishika, mmoja baada ya mwingine, wakaigeuza kwenye mwanga. Kufuli lilikuwa limefungwa. Halikuwahi kufunguliwa.

Farasi hakuwa na kichwa.

Lakini si hilo lililowafanya wanaume wale wapande juu na kukataa kushuka tena siku hiyo. Ulikuwa ukuta wa kile chumba, upande wa ndani, mahali palipozibwa kwa matofali kwa zaidi ya mwaka. Umejaa chaki kutoka chini hadi juu. M.P. na tarehe. M.P. na tarehe. Ilianza siku ya mwaka mpya ikaendelea kila siku, haikuruka hata moja, kwa mwandiko ulionyooka wa mtu anayefanya kazi yake sawasawa. Gito alipapasa mstari wa mwisho, ukamshika kidoleni mweupe. Ulikuwa wa asubuhi ileile.

*

Walimzika Seth na kijiji kizima kikaja. Waliimba mpaka bonde likajaa, na Tamar alisimama kaburini macho makavu. Wote waliomba radhi. Aliwapa mkono mmoja mmoja. Taa aliitundika ukutani, karibu na kiko.

Kesho yake alipofungua mlango kwenda kuchota maji, aliona kwenye mwimo wa mlango, usawa wa macho, M.P. na tarehe ya siku hiyo.

Alisimama akaisoma mara mbili. Gito, aliyekuwa akipita na kikapu chake, aliiona naye, mkate ukamtoka mikononi.

"Dada," alinong'ona, "amemaliza kule chini. Pengine anaomba umwachilie. Mwambie 'basi' tu. Neno moja."

Neno moja. Naye alikuwa ameomba neno moja, akalipata, kisha akavuta komeo. Tamar aliingia ndani akaleta kitambaa kilicholowa. Akafuta alama yote, polepole, mpaka mbao zikabaki safi. Kisha akasogeza midomo karibu na mwimo.

"Tena," alisema.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Kitambaa kilikuwa na msumari wake nyuma ya mlango, hakikutumika kwa kazi nyingine. Miaka ikapita, Dorcas akafa, Gito akaacha kuuza mkate, Tamar akazeeka, mgongo ukampinda. Kila siku, kabla ya chai, alifuta na kusema neno lake. Wapo waliomwona mkatili. Wapo waliosema hiyo ndiyo iliyomweka hai. Mimi sijui kama mtu aliyezungushiwa ukuta upande wake anaweza kupimwa na sisi tulio upande huu.

Alifariki usingizini, akiwa mzee sana, na nyumba akaachiwa Nesta, binti wa dada yake, aliyelelewa mjini na hakujua lolote. Nesta alilala humo usiku wa kwanza baada ya mazishi, peke yake, amesukuma komeo mwenyewe.

Asubuhi alishuka jikoni. Komeo lilikuwa kama alivyoliacha. Alifungua mlango, akaona mwimo umelowa, safi, maji bado yanachuruzika. Akageuka kuufunga, na hapo akakiona kitambaa nyuma ya mlango, kwenye msumari wake. Kilikuwa kinadondosha maji sakafuni.

Alikikamua. Maji yalitoka meupe.